Kuendesha Gari Meksiko Wakati wa Likizo: Mwongozo kwa Dereva Mgeni

Mtu akikuambia kwamba kutoka Valladolid hadi Mérida, katika rasi ya Yucatán, ni kilomita 160, muulize kwanza ni kwa barabara ipi. Ukipita barabara ya kulipia utafika baada ya saa moja na nusu hivi, na njiani hutakuwa umeona chochote ila msitu mfupi huku na huku. Ukipita ile ya bure utakatisha vijiji vyenye makanisa ya mawe, watoto wanaotoka shule, mbwa waliolala katikati ya lami na matuta ambayo baada ya muda utaacha kuyahesabu, na saa tatu zinaweza kuisha kabla hujafika. Mwongozo huu umejengwa juu ya tofauti hiyo. Safari ya gari nchini Meksiko hupangwa kwa saa, na saa za kuhesabu ni zile za mwanga wa jua tu.

Nimewaandikia zaidi watu wa aina mbili: waliojifunzia gari Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ambako usukani uko kulia na gari hupita kushoto, na ndugu zetu walioko Houston, Dallas na kwingineko Marekani, ambao kila mwaka hujiuliza kama waende na gari lao wenyewe au wapande ndege na kukodi huko huko.

Hatua ya 1: Chagua eneo kabla ya kuchagua gari

Meksiko ni kubwa zaidi ya mara mbili ya Tanzania, kwa hiyo likizo ya siku kumi inatosha eneo moja tu, na anayejaribu kuunganisha mawili huishia kuyaona yote mawili kupitia kioo cha gari. Kwa anayekwenda mara ya kwanza ningependekeza rasi ya Yucatán bila kusita: ardhi ni tambarare, barabara zimenyooka, viwanja vya ndege vya Cancún na Mérida viko karibu na barabara kuu, na jimbo la Yucatán lina sifa ya utulivu kuliko sehemu nyingi za nchi. Miji ya katikati kama Puebla, Querétaro na Guanajuato ina barabara nzuri za kulipia, ila foleni zake ni za jiji kubwa, na Guanajuato ina njia zinazopita chini ya ardhi ambako ramani ya simu hupoteza mwelekeo wakati hasa unapoihitaji. Milima ya Oaxaca na Chiapas ni mizuri kupita kiasi, lakini iache kwa safari ya pili.

Msimu nao una neno lake. Mvua nyingi hunyesha kati ya Juni na Oktoba, na msimu wa vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, wakati ule wa Pasifiki huanza tarehe 15 Mei. Kimbunga Otis, kilichoipiga Acapulco tarehe 25 Oktoba 2023, kilikua kutoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la juu kabisa katika muda usiofika siku moja, hivyo utabiri wa juzi hautoshi. Angalia wa leo. Novemba hadi Aprili ndiyo miezi ya raha, isipokuwa wiki ya Pasaka na siku za Krismasi, kwani nchi nzima huwa barabarani na vibanda vya tozo huwa na misururu ya magari.

Usalama hutofautiana jimbo kwa jimbo, na kusema tu kwamba Meksiko ni hatari au kwamba Meksiko ni salama hakumsaidii mtu. Serikali ya Marekani hutoa tahadhari yake kwa kila jimbo peke yake, nayo husomwa bure mtandaoni. Jimbo la Tamaulipas, linalopakana na Texas, limekuwa katika daraja la juu la tahadhari kwa miaka mingi, na mji wa Nuevo Laredo uko ndani yake. Ndiyo maana madereva wengi wanaotoka Laredo, upande wa Texas, kuelekea Monterrey huzunguka kwa daraja liitwalo Colombia, ambalo huingilia moja kwa moja jimbo la Nuevo León.

Hatua ya 2: Weka nyaraka sawa

Mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya anahitaji viza ya Meksiko, na ubalozi unaohudumia nchi zetu nyingi za Afrika Mashariki uko Nairobi. Hata hivyo, mtu mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya nchi za Schengen, au mwenye ukaazi wa kudumu katika nchi hizo, kwa kawaida huruhusiwa kuingia kama mtalii bila viza ya Meksiko. Thibitisha na ubalozi kabla ya kununua tiketi, kwa sababu kanuni za viza hubadilika bila kupiga hodi.

Leseni yako ya nyumbani hukubalika, mradi iwe hai na iwe imeandikwa kwa herufi za Kirumi. Leseni ya kimataifa ni tafsiri tu ya ile ya kwako, lakini ibebe, kwani baadhi ya wakodishaji huiulizia na askari asiyeielewa leseni ya kwenu huridhika akiona kijitabu chenye Kihispania.

Anayeingia na gari lake kutoka Marekani anahitaji kibali cha kuliingiza kwa muda, ambacho hutolewa na benki ya jeshi iitwayo Banjercito, mpakani au mtandaoni. Utaweka amana ya dola 200 hadi 400 kulingana na mwaka wa gari, na utarudishiwa ukilitoa gari kabla kibali hakijaisha. Hakihitajiki katika ukanda wa karibu na mpaka wala katika rasi ya Baja California. Kosa ambalo watu hulijutia ni kurudi Marekani bila kusimama kwenye ofisi ya mpakani ili kibali kifutwe: amana hupotea, na safari inayofuata gari lile halipati kibali kingine.

Pasipoti halisi yenye mhuri wa kuingia nchini ikae mwilini mwako, wala isiachwe kwenye kasiki la hoteli. Tangu miaka ya karibuni wahamiaji wengi kutoka Haiti na nchi za Afrika, Kongo ikiwemo, wamekuwa wakipitia Tapachula, mji ulio karibu na mpaka wa Guatemala, na barabara za kusini wakielekea kaskazini, na maofisa wa uhamiaji huweka vituo vya ukaguzi kwenye njia hizo. Mtu mweusi ndani ya gari la kukodi anaweza kuulizwa maswali ambayo mtalii wa Kizungu aliye mbele yake hakuulizwa. Inauma, lakini pasipoti yenye mhuri humaliza mazungumzo kwa dakika mbili, na kutokuwa nayo kunaweza kuyarefusha kwa nusu siku.

Hatua ya 3: Kodi gari kwa kuangalia bima kwanza

Bei unayoiona mtandaoni inaweza kuwa ndogo ya kushangaza, na sababu yake utaikuta kaunta. Sheria inamtaka kila anayepita barabara za shirikisho awe na bima ya madhara kwa watu wengine, na bima za Marekani na Kanada hazitambuliwi kwa jambo hilo. Kadi yako ya benki inaweza kulipia uharibifu wa gari lenyewe, lakini si mtu uliyemgonga wala ukuta uliouangusha. Kwa hiyo bima ya wengine huongezwa kaunta, na kuna wakati gharama yake huzidi ya gari. Tafuta tangu mwanzo bei inayoitaja bima hiyo kwa jina lake, responsabilidad civil, kisha ulizia deducible, yaani kiasi utakachokatwa wewe kwanza kabla bima haijalipa. Ukiweza kuchukua bima kubwa yenye msaada wa kisheria, ichukue. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya ajali.

Kabla hujawasha injini, lizunguke gari ukilipiga video polepole: bampa, rimu, kioo cha mbele, paa, na hasa uvungu wa mbele. Fungua buti uone kama tairi la akiba limejaa upepo na kama jeki ipo. Mimi niliwahi kukabidhiwa gari lenye spea isiyo na upepo, na nilikuja kuligundua hilo nikiwa kando ya shamba la mkonge nje ya Izamal, juani, huku mwenzangu akiniuliza kwa sauti ya upole sana kama nilikuwa nimeikagua.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, jifunze upya upande

Kwa anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au Omani, gari kwenda kulia ni jambo la kawaida. Sisi wengine tunahitaji saa chache za unyenyekevu. Chukua gari la otomatiki, ili mkono wa kulia usihangaike na gia. Tarajia kwamba utawasha waipa ukidhani umewasha indiketa, kwa kuwa vijiti hivyo vimebadilishana nafasi. Kata kona ya kushoto kwa upana na ya kulia kwa ufupi, na ukitoka kwa miguu tazama kushoto kwanza. Hatari kubwa zaidi huja pale ambapo hakuna gari jingine la kukukumbusha, kama asubuhi mapema unapotoka hotelini au kituo cha mafuta. Mwambie aliyekaa pembeni yako aseme "kulia" kila mnapoingia barabarani, na usimkasirikie. Mizunguko ya makutano, ambayo Watanzania tunaiita kipilefti, huko huzungukwa kinyume na saa, na jina hilo halifai kabisa. Anayeingia humpisha aliyekwisha kuingia.

Kama safari yako inaanzia Jiji la Meksiko, usichukue gari hadi siku ya kuondoka. Tangu 1989 jiji hilo lina utaratibu wa kupumzisha magari kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba, na wageni huangukia humo bila kujua. Magari mengi ya kukodi huwa na stika ya kuyasamehe, lakini foleni haisamehewi. Mtaani, ukingo uliopakwa rangi ya njano una maana ya kutoegesha. Ukikaidi unaweza kukuta gurudumu limefungwa kwa chuma ambacho wenyeji wanakiita araña, yaani buibui.

Hatua ya 5: Elewa cuota na libre

Hapa ndipo penye uamuzi wa kila siku. Barabara ya kulipia huitwa cuota, na namba yake huwa na herufi D mwishoni: 180D kati ya Mérida na Cancún, 150D kutoka Jiji la Meksiko kupitia Puebla hadi Veracruz, 95D kwenda Acapulco. Ile ya bure huitwa libre, mara nyingi ina namba hiyo hiyo bila D, na hupita miji ile ile kwa ndani. Kwenye njia panda kuna kibao kinachoonyesha zote mbili, na ramani ya simu ikiwekwa kuepuka tozo itakutupa kwenye libre bila kukuuliza.

Kanuni yangu ni hii: siku ya kuhama kutoka mji hadi mji wa mbali, lipa, siku ya kutembea, pita bure. Kwenye cuota kuna uzio unaozuia mifugo, kikomo cha mwendo aghalabu ni kilomita 110 kwa saa, na risiti ya tozo hubeba bima ya mtumiaji wa barabara, kwa hiyo usiitupe hadi utoke. Tozo si ndogo, na kipande cha 180D kinasifika kwa kuchoma mfuko. Mapungufu yake mengine ni kwamba pa kutokea ni pachache na vituo vya mafuta ni adimu, basi jaza tangi mjini kabla ya kuingia.

Beba fedha taslimu. Vipo vibanda vinavyopokea kadi, lakini si vyote, na noti za peso 100 na 200 zitakuondolea maneno na karani. Njia zilizoandikwa TAG au IAVE ni za magari yenye kifaa cha kielektroniki. Ukiingia humo bila kifaa, utarudi kinyumenyume huku foleni nzima ikikupigia honi. Kumbuka pia kwamba alama ya $ nchini Meksiko ni ya peso. Kibao kikisema maji ya kunywa ni $15, usipatwe na mshtuko.

Hatua ya 6: Yaheshimu matuta

Tuta la barabarani huko linaitwa tope, na hakuna jambo litakalokugusa zaidi ya hilo kwenye barabara za bure. Tunayajua matuta, hilo ni kweli. Lakini yale ya Meksiko hayana mpangilio. Kuna ya lami yenye mgongo mpana, kuna ya zege yenye ncha kali, kuna safu za vichwa vya chuma vilivyopigiliwa barabarani, na kuna kamba nene ya meli iliyolazwa na wanakijiji wenyewe. Mengine yana kibao chenye picha ya vilima vidogo, rangi ya njano na onyo la mita 200 kabla. Mengine yana rangi iliyofutika tangu zamani, na machache yamejificha chini ya kivuli cha mwembe, na kivuli na tuta havitofautiani hadi umeshafika.

Namna ya kuyatambua ni kusoma dalili. Ukiona nyumba ya kwanza, punguza. Ukiona gari la mbele limewaka taa za breki bila sababu, sababu ni tuta. Ukiona mtu amesimama katikati ya barabara akiwa na ndoo au kikapu, hapo pana tuta, kwani wauzaji huyatumia kama sisi tunavyotumia vituo vya mabasi: magari yanapopunguza mwendo ndipo mifuko ya machungwa yaliyomenywa na vikombe vya embe lenye chumvi, pilipili na ndimu vinapopenya dirishani. Mtu wa pwani atajisikia nyumbani. Vuka kwa gia ya kwanza, magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, na uachie breki sekunde moja kabla ya kupanda ili pua ya gari iinuke. Ukivuka huku umekanyaga breki, pua huinama na plastiki ya uvunguni ndiyo inayolipa.

Hatua ya 7: Jifunze lugha ya taa

Madereva wetu wa masafa wanajua: lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kushoto, dereva anakwambia pita, kweupe, akiwasha ya kulia, anakwambia subiri. Meksiko nako lori huwasha ya kushoto kukuruhusu, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwetu kushoto ni upande wa majani, ambako lori haliwezi kukuzibia. Huko kushoto ni upande wa katikati ya barabara, ule ule utakaoutumia kulipita, na indiketa hiyo hiyo huwashwa na dereva anayetaka kukata kushoto. Ishara moja, maana mbili, na zote mbili zinatokea mbele ya macho yako.

Kwa hiyo ishara ichukuliwe kama ushauri tu. Angalia kama mbele kuna njia ya kuchepukia, nyumba au kituo cha mafuta upande wa kushoto. Kama kipo chochote, usipite. Angalia kama lori linapunguza mwendo. Kama linapunguza, huenda linakata kona. Ukiona barabara tupu kwa macho yako mwenyewe, mstari wa katikati umekatika na hakuna kibao cha No rebase, yaani usilipite gari la mbele, ndipo upite, nawe umshukuru kwa honi fupi.

Na wewe ukitaka kukata kushoto kutoka barabara kuu ya njia mbili, usisimame katikati na indiketa yako ukisubiri, kwa sababu aliye nyuma anaweza kusoma kwamba umemruhusu apite. Ingia pembeni kulia, simama, acha pande zote mbili ziwe wazi, kisha vuka. Barabara kubwa zina sehemu maalumu za kugeuzia zinazoitwa retorno, nazo ni bora zaidi hata kama zinakuongezea kilomita mbili.

Kwenye daraja jembamba, lenye kibao cha Puente angosto, anayekuja mbele yako akikuwashia taa kali hakupishi. Anasema yeye ndiye anayepita. Kwetu mwako huo unaweza kumaanisha "pita wewe" au "kuna trafiki mbele," na aliyeuzoea hivyo anaweza kukutana na basi katikati ya daraja.

Ukiona mawe au matawi ya miti yamepangwa barabarani, hilo halihitaji tafsiri: kuna gari limekufa mbele. Tofauti ni kwamba gari likiondoka mawe huweza kubaki, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoendesha usiku. Nyingine ni ng'ombe weusi, baiskeli zisizo na taa, na mashimo yaliyojaa maji. Mérida mwezi wa Disemba jua huzama kati ya saa kumi na moja na robo na saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo panga kuwa umeegesha ifikapo saa kumi na moja.

Hatua ya 8: Mafuta, pancha na chenji

Vituo vingi vya mafuta bado vina nembo ya Pemex, ingawa kampuni nyingine sasa zimeruhusiwa. Hujihudumii mwenyewe. Mhudumu atakuja, nawe utamwambia "lleno, Magna," yaani jaza, petroli ya kawaida yenye mpini wa kijani. Mwekundu ni Premium na mweusi ni dizeli. Kabla hajaanza, mtazame akikuonyesha kioo cha pampu kwa kidole akisema "ceros," yaani sifuri. Asipokuonyesha, muulizie wewe. Shuka, simama karibu na pampu, na usimtazame anayefuta kioo cha gari wakati huo huo. Ukilipa taslimu, itaje noti unayompa kwa sauti. Bakshishi ya peso tano au kumi ni desturi. Popote penye umbali mrefu, jaza tangi likifika nusu.

Pancha ikitokea, tafuta tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara likiwa limepakwa rangi nyeupe maneno "Vulca," "Llantera" au "Talachas." Ni fundi pancha yule yule unayemjua, na beseni lile lile la maji la kutafutia tundu.

Hatua ya 9: Askari na vizuizi

Wanajeshi huweka vizuizi, retén, kutafuta silaha na dawa za kulevya. Punguza mwendo mapema, zima muziki, shusha kioo, vua miwani ya jua. Wataulizia unatoka wapi na unakwenda wapi. Jibu kwa majina mawili ya miji na neno "vacaciones," na wengi watakuashiria uendelee. Kwa wanaotoka Texas nisisitize: hakikisha hakuna bunduki wala risasi hata moja iliyosahaulika kwenye dashibodi au begi la uwindaji. Sheria ya Meksiko katika hilo haina mzaha, na watu wamelala rumande kwa sababu ya kile walichosahau.

Trafiki wa mjini ni habari nyingine. Kile tunachokiita kitu kidogo, huko huitwa mordida, yaani kung'atwa. Ukisimamishwa, sikiliza kosa, na kama umelifanya, omba karatasi ya faini, infracción, useme kwamba utalipa ofisini. Usitaje fedha wewe kwanza, usipandishe sauti, na usioneshe haraka, kwa kuwa anayevizia hela hupimia haraka yako. Njia bora ni kutompa sababu: funga mkanda, usishike simu, na kwenye kibao chekundu cha ALTO simama kabisa.

Vizuizi vya raia, bloqueos, hutokea hasa Chiapas na Oaxaca, pale jamii fulani inapodai jambo serikalini. Barabara ya 199 kati ya San Cristóbal de las Casas na Palenque inajulikana kwa hilo, pamoja na kamba zinazonyanyuliwa na watu wanaoomba mchango. Ulizia hotelini asubuhi ya safari. Wenyeji wengi watakuelekeza uzunguke kupitia Tuxtla Gutiérrez na Villahermosa.

Hatua ya 10: Ukipanda milima

Jiji la Meksiko liko mita 2,240 juu ya bahari, na karibu kila barabara inayotoka hapo huanza kwa kupanda na kumalizia kwa kushuka. Anayeujua mteremko wa Kitonga, Tanzania, anajua somo: shuka kwa gia, wala si kwa breki. Vibao husema "Frene con motor," na michepuko ya kokoto iitwayo rampa de frenado ni ya malori yaliyoishiwa breki. Usiegeshe hapo kupiga picha. Barabara ya 40D kati ya Durango na Mazatlán, yenye mahandaki zaidi ya 60 na daraja la Baluarte lililo juu ya bonde kwa zaidi ya mita 400, na ile mpya ya Oaxaca hadi pwani ya Puerto Escondido iliyofunguliwa Februari 2024, zimepunguza safari za saa sita kuwa chini ya nusu hivi. Zile za zamani bado zipo, kwa wasiosikia kichefuchefu.

Hatua ya 11: Gari likiharibika au ukipata ajali

Gari likizima kwenye barabara kuu mchana, piga 078. Utawapata Ángeles Verdes, Malaika wa Kijani, huduma ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo mafundi wake huzunguka na magari ya kijani yenye vifaa. Kazi yao ni bure. Utalipia vipuri na mafuta tu. Dharura yoyote nyingine ni 911.

Ajali ikitokea, simama, washa hazadi, piga namba ya bima iliyo kwenye mkataba kabla ya kupatana na mtu yeyote. Kampuni humtuma mtu wake, ajustador, hadi mahali pa ajali, na yeye ndiye huzungumza na upande wa pili. Kama kuna aliyeumia, madereva wanaweza kuzuiwa hadi ijulikane nani mwenye kosa na fidia imepatikanaje. Ndiyo sababu nilisema uchukue bima yenye msaada wa kisheria na dhamana. Piga picha za namba za magari, za barabara na za leseni ya mwenzako, na usisaini karatasi usiyoielewa.

Hatua ya 12: Mzunguko wa siku tisa wa kuanzia

Toka Cancún asubuhi kwa 180D, lala Valladolid siku mbili. Kutoka hapo hadi magofu ya Wamaya ya Chichén Itzá ni kilomita 45 hivi, na ukifika geti linapofunguliwa utayatangulia mabasi ya watalii. Endelea kwa barabara ya bure kupitia Izamal, mji uliopakwa njano mtaa kwa mtaa, hadi Mérida kwa siku mbili. Siku ya tano pita magofu ya Uxmal, kilomita 80 kusini, ulale Campeche ndani ya ukuta wake wa zamani. Siku ya sita ni ndefu: kupitia Escárcega uingie barabara ya 186 hadi Xpujil, ambako vituo vya mafuta ni vya kuhesabu, jaza Escárcega. Anayetaka magofu ya Calakmul ajue kwamba kutoka barabara kuu kuna kilomita 60 za njia nyembamba ya msituni, na batamzinga wa mwituni hawakupishi. Siku ya saba na ya nane ni Bacalar, penye ziwa la maji ya buluu, na ya tisa ni barabara ya 307 kupitia Tulum kurudi Cancún.

Siku hiyo ya mwisho angalia saa ya simu. Jimbo la Quintana Roo, lenye Bacalar, Tulum na Cancún, liko saa moja mbele ya Yucatán mwaka mzima, na saa ya dashibodi uliyoirekebisha Mérida itakudanganya. Kutoka Tulum hadi uwanja wa ndege hesabu saa mbili na ushee, kwani Playa del Carmen ina foleni. Jaza mafuta kabla ya kuingia eneo la uwanja, tunza risiti, lizunguke gari tena kwa video mbele ya mpokeaji, na usimpe ufunguo kabla hajakuandikia kwamba amelipokea bila dosari.